Pikapu ya Baba Inashushwa

Jumapili, 3 Machi

Leo tumeng'oa springi za mbele. Kutu tupu. Delfino, binamu yangu, alizigonga kwa nyundo huku akizitukana. Pikapu hii ni ya Baba. Tangu apate kiharusi mwaka juzi imekaa ghalani, kuku wanatagia kitini. Mguu wake wa kulia hauinuki tena kufika mlangoni. Basi kama mguu haupandi, gari litashuka. Sijamwambia hivyo. Nimesema naikarabati tu.

Jumatano, 13 Machi

Pampu za kushushia gari tumeshazifunga. Ukibonyeza swichi, pikapu inashuka mpaka tumbo linakaribia udongo. Ukibonyeza tena, inainuka. Baba akaja na mkongojo wake, akaitazama.

"Kutambaa kwa tumbo ni kazi ya nyoka," akasema. "Umerogwa na hao vijana wa mjini Española wanaotembeza magari yao ya kushushwa Jumapili?"

"Mjomba, hata kuku hushuka mtini akitaka kula," Delfino akamjibu.

Hakucheka. Akachungulia nyuma, palipojaa betri za pampu. "Na koleo langu la mfereji litakaa wapi?" Akaondoka.

Koleo! Maisha yake yote lilikaa pale, nami sikulikumbuka hata kidogo. Nimeona aibu.

Alhamisi, 21 Machi

Honi imefufuka. Keshokutwa ni kuzibua mfereji wa maji. Kila mwenye shamba aje na koleo lake, au atume mtu. Baba aliisimamia kazi hiyo tangu sijazaliwa. Mwaka jana alikataa kwenda — hatabebwa kuingizwa garini mbele za watu kama gunia la pilipili.

Jioni, mezani, nikamweleza hatimaye. Nimeishusha kwa ajili ya mguu wako, Baba. Akaendelea kula maharagwe yake.

"Mtume Delfino aende," akasema baadaye.

Basi. Nimekwenda kulia ghalani.

Jumamosi, 23 Machi

Baba hayumo chumbani. Nikamkuta nje getini, kando ya pikapu, amevaa kofia ya kazi. Koleo ameshaliweka nyuma, kati ya betri, amelizungushia gunia lisiguse vyuma.

"Haya, shusha."

Nikashusha. Akageuka, akaketi kwanza, kisha akauvuta mguu ndani kwa mikono miwili. Mwenyewe. Nilifurahi mno.

Ila ameketi penye usukani. Mguu wa breki ndio ule ule mbovu, naye anajua. Nikasema ufunguo nimeusahau jikoni. Uongo — umo mfukoni mwangu, naandika haya nimesimama kando ya jiko. Nikimwambia asogee, atashuka na hatapanda tena. Nisipomwambia, njia ya mferejini ni mteremko mtupu. Delfino yuko getini, anajifanya kukagua tairi.

Honi inalia. Mara ya pili sasa, na hii Baba hajaiachia.