Jiko la Chuo, Mwaka wa Korona

Jumapili, 15 Machi 2020

Wametangaza. Shule zifungwe, vyuo vifungwe, watu wakae nyumbani. Kilonzo akaongeza sauti ya redio, eti labda habari itageuka ikisikika vizuri. Mume wangu huyu!

Kesho nilikuwa na somo la chapati. Unga uko stoo ya chuo, mifuko mizima. Utaingiwa na wadudu.

Na Ijumaa tu tulikuwa na Siku ya Hoteli! Kila Ijumaa darasa langu la upishi hugeuka hoteli. Watu wa soko la Mukuyuni wanakuja kula, wanafunzi wanawahudumia, mimi nasimama mlangoni natoa maksi. Juzi mwanafunzi wangu Katunge alimnawisha mzee Mutie. Jagi mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani, maji ya vuguvugu, polepole hadi mgeni mwenyewe aseme yatosha. Mzee akamwambia hata mke wake hajawahi kumnawisha hivyo. Chumba kizima kikacheka. Mke wake hakucheka.

Katunge nilimpa maksi zote. Sijawahi kumpa mtu maksi zote.

Jumanne, 17 Machi 2020

Wameondoka. Magodoro kichwani, ndoo, masanduku. Katunge anakwenda Kitui kwa mjomba wake Munyao, kwa sababu mama yake alishatangulia huko. Amemaliza masomo yote, amebakisha atachimenti tu, yale mazoezi ya kazi hotelini. Mwezi wa tano alikuwa aende Mtito Andei, kwenye hoteli ya Hamud, kule kule nilikoanzia mimi.

Akaniuliza, “Mwalimu, hiyo mambo ya Mtito bado iko?”

Nikamwambia iko. Ugonjwa wa Wachina utafika Mukuyuni na nini?

Kisha nikasugua sufuria ambazo zilikuwa safi, nikafunga jiko. Ufunguo niko nao. Nilipaswa kumwachia meneja, Bwana Nzioka. Atauomba mwenyewe akiutaka.

Alhamisi, 14 Mei 2020

Nimempigia Hamud. Ni mwezi wa mfungo kwao, sauti yake imechoka. Hoteli imefungwa, viti viko juu ya meza. Madereva wa malori wanaogopwa kama simba wa Tsavo—watu wanasema ndio wanaoleta korona. Hawaruhusiwi kukaa popote.

“Wanapika wenyewe kando ya gari, Mama Musyimi,” akaniambia. “Walahi, mimi nasimama mlangoni nawaangalia tu. Mtu amekula kwangu tangu enzi ya baba, leo anachemsha uji kwa mkebe ng'ambo ya barabara.”



Mtito ile! Nilifika nikiwa msichana, bado nimevaa viatu vya shule. Mzee Duale, babake Hamud, akaniweka mlangoni na jagi. Kupika hapana. Miezi na miezi, kunawisha watu tu. Nililia, nilitaka sufuria mimi! Lakini mkono wa dereva umeshika usukani tangu Malaba mpakani, umejaa grisi, ukiumwagia maji ya moto kidogo mwenyewe anafumba macho. Hapo ndipo anaanza kuongea. Mtoto amezaliwa. Tairi limepasuka Makindu. Mke hashiki simu. Nikaanza kujua huyu apewe supu kwanza, huyu asiulizwe kitu, huyu aongezewe nyama bila kuambiwa. Mzee Duale alijua anachofanya. Na mimi ndivyo nimewafundisha wangu wote: jagi kwanza, jiko baadaye.

Natamani kelele ile. Breki za malori, mtu anaita chai kutoka nje, Mama Abdiya, mke wa mzee Duale, akigombana na muuza maziwa. Sikujua kwamba nilikuwa na furaha. Nilifikiri nilikuwa na kazi tu.

Jumamosi, 8 Agosti 2020

Sokoni Mbumbuni nimekutana na Kavata, mwanafunzi wangu wa zamani. Alikuwa hoteli kubwa huko Mombasa. Waliachishwa kazi wote siku moja. Sasa anauza nyanya, maski imeshuka chini ya kidevu. Nilimfundisha kukunja vitambaa vya meza mpaka vifanane na ua. Nyanya zake amezipanga vizuri kuliko wenzake wote, hilo nimeliona! Nikanunua nyingi kuliko ninavyohitaji.

Jioni Katunge akapiga kutoka Kitui. Makelele nyuma yake, nyundo. Anamsaidia mjomba wake, fundi wa mabomba. Kila kanisa linataka mfereji wa kunawa mikono, kila zahanati, kila duka. Tangi hapa, tangi pale. “Mwalimu, hatupumziki!”

Nikamwambia aitunze mikono, mpishi hawi na mikono kama ya fundi. Akacheka sana. Alicheka zaidi ya nilivyotarajia.

Jumatatu, 4 Januari 2021

Tumefungua.

Unga ulikuwa umekwisha kuharibika, panya wamekula taulo mbili. Wanafunzi wangu wa upishi waliorudi: wanne. Wanne! Kwa mafundi bomba wamejaa mpaka wengine wanasikiliza somo kutoka dirishani. Katunge sikumwona.

Bwana Nzioka akaniita ofisini. Si mtu mbaya. Alizunguka sana, akauliza hali ya Kilonzo, hali ya mbuzi, ndipo akafika. Hoteli zimekufa, mafundi bomba hawana pa kukaa, jiko langu ni chumba kikubwa na lina maji.

“Mwalimu Kaveke, wazazi wananiuliza, hii kosi ya kupika inapeleka mtoto wapi? Nitawajibu nini?”

Nikasema hoteli zitafunguka.

“Basi nionyeshe moja. Moja tu, ichukue mtu wako mmoja kabla mwezi haujaisha. Nikiwa na hiyo, nitasimama mbele ya bodi nikutetee. Bila hiyo, mama, jiko naligawa.”

Na mimi nitagawiwa kwa nani? Sikuuliza.

Jumanne, 5 Januari 2021

Katunge amerudi. Nimemwona kwenye foleni ya ufundi bomba, ovaroli ya buluu, kichwa kimefungwa kitambaa.

Akatoka kwenye foleni akanifuata. “Mwaitu, nilitaka nikuambie mwenyewe kabla uskie kwa watu.”

Nikamwambia nina haraka. Sikuwa na haraka. Nilikwenda nikakaa stoo juu ya debe, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa mandazi. Aliniita mwaitu—mama—na mimi nikamtoroka!

Ijumaa, 15 Januari 2021

Aibu. Aibu tupu.

Nilitaka Siku ya Hoteli irudi, Bwana Nzioka aone kwamba jiko liko hai. Nikawaalika wazee wachache, meza mbali mbali, madirisha wazi. Wanafunzi wanne hawatoshi kuhudumia, kwa hiyo Katunge akaja kusaidia baada ya somo lake. Akavua ovaroli, akafunga aproni yake ya zamani. Moyo wangu! Muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, ulikuwa umeiva vizuri, mtu anasikia harufu kutoka getini.

Afisa wa afya wa soko naye alikuja kukagua, Bwana Nzioka kando yake. Akaketi. Katunge alipoona mgeni ameketi—hata hakufikiri. Jagi, beseni, taulo begani, huyo! Akainama mbele yake akaanza kumnawisha. Maski imemshuka puani.

Afisa akaruka. “Rudi nyuma! Nyuma! Wewe dada hujui iko korona?” Akaligonga beseni na goti, maji yote yakaingia kwenye viatu vyake. Viatu vya ngozi.

Safari hii hakuna aliyecheka, si mke wa mzee Mutie peke yake.

Katunge akaanza kuyafuta maji kwa taulo. Nikasema kwa sauti, kosa si lake, hivyo ndivyo nilivyomfundisha mimi. Afisa akaniangalia, kisha akaangalia soksi zake. Akasema hakuna kula tena hapa mpaka pawekwe mfereji wa kukanyaga kwa mguu, mtu anawe bila kushika kitu na bila kushikwa.

Kitu nilichokiona kuwa ndiyo heshima yenyewe kimekuwa hatari. Nimeosha jagi, nimeliweka kabatini. Bwana Nzioka aliondoka bila kuonja muthokoi.

Jumanne, 19 Januari 2021

Nimepigia hoteli simu asubuhi nzima. Emali—wamefunga. Makindu—mwenye hoteli sasa anauza mitungi ya gesi. Wengine—“Mama, sisi wenyewe tunapunguza watu.” Kibwezi walinicheka, lakini kwa upole.

Hamud peke yake ndiye hakusema hapana. Malori yameanza kusimama, watu wanakula nje chini ya mabati. Akasema nimpe muda.

Kilonzo anasema nimekwisha kufundisha vya kutosha, nije tufuge kuku. Nikamwambia afuge yeye. Akaenda nje kuongea na mbuzi.

Jumatano, 20 Januari 2021

Wamemtuma Katunge kuweka ule mfereji wa kukanyaga jikoni kwangu. Nani mwingine? Ndiye mwenye ujuzi wa Kitui.

Nilikaa kwenye kona nikijifanya nasahihisha. Alipima, akakata bomba, akalaza mwili mzima chini ya sinki, miguu tu ndiyo inaonekana. Mara akaniita nije nione. “Ukikanyaga hapa, Mwalimu, waya inavuta pale juu, maji inatoka. Ukiachilia inajifunga. Mjomba anatumia mpira, lakini mpira inachoka, mimi nimeweka springi.” Nikamuuliza springi ameitoa wapi. Kwenye kiti kibovu cha gari. Aiya! Nikamwambia basi Bwana Nzioka ahesabu viti vya gari lake.

Tulicheka kama zamani. Halafu akaendelea na kazi, akawa anaimba. Wimbo wa kwaya, wote, na beti alizosahau anapiga mluzi.

Kwenye upishi alikuwa wa kwanza siku zote. Hakuwahi kuunguza kitu. Alinisikiliza, alinitii, alifanya kila jambo kama nilivyosema. Nimekaa hapa nikijaribu kukumbuka kama niliwahi kumsikia akiimba. Sikumbuki.

Alhamisi, 21 Januari 2021

Hamud amepiga!

Nilikuwa uwanjani. Anataka mtu, na anamtaka Jumatatu. Nikapiga kelele, wanafunzi wa ushonaji wakachungulia dirishani. Nikaanza kumsifia wale wanne wangu mmoja mmoja, akanikata.

“Hapana, Mama Musyimi. Mimi nataka yule wako mrefu, yule ulikuja naye kututembelea, akamnawisha mama yangu. Mama mpaka leo anamuulizia. Huyo nikipata nafungua hata upande wa ndani. Wengine sijui mimi, na saa hii siwezi kubahatisha.”

Katunge. Ni Katunge au hakuna.

Yaani jiko limepona! Amemaliza masomo ya upishi, amebakisha atachimenti tu, ni wangu kwa haki. Nimwambie Bwana Nzioka, hoteli hii hapa, mtu huyu hapa. Nilitembea haraka mpaka kandambili ikanitoka, nikairudia. Njiani nilikuwa tayari Mtito. Nilimwona mlangoni pale niliposimama mimi, Mama Abdiya amemshika mkono.

Nilimkuta chini ya sinki, anakaza mwisho. Nikamwambia yote: Hamud, Jumatatu, chumba cha kulala kipo, chakula kipo. Nilisema mbio mbio kama muuza dawa sokoni. Jambo moja sikulisema—la Bwana Nzioka na bodi. Lakini chuo ni kidogo, watu wana midomo.

Akatoka, akakaa sakafuni. Spana mkononi. Uso una vumbi, na mikono—ile mikono!—imekatikakatika kila kidole.

“Hamud ni mtu mzuri,” akasema. “Na wewe umenitafutia kwa bidii, mwaitu. Nashukuru.”

Akaangalia ule mfereji wake. Kisha akaniangalia mimi.

“Nikikataa, watafunga jiko?”

Nikasema hapana.

Hapana! Mimi, mshirika wa kanisa, mchana kweupe, na macho nikamkazia. Nikaongeza hata: “Walifungeje, na wewe umelitilia mfereji mpya?”

Akacheka kidogo. Akaniuliza mara ya pili, kweli? Nikamwambia kweli. Akasema basi afikirie mpaka kesho asubuhi, akarudi chini ya sinki. Nilisimama nikisubiri aimbe, nijue amelichukuliaje. Hakuimba.

Bwana Nzioka nimempita ofisini kwake nikamsalimia tu. Nimerudi nyumbani, sijapika, Kilonzo amekula ndizi. Nilimpa msichana njia ya kukataa, nilifanya vizuri, najua nilifanya vizuri. Na tangu hapo naomba akubali. Mungu anisamehe, naomba akubali.

Simu hiyo inalia. Ni Hamud, anataka jibu. Kilonzo anasema si uchukue, Mama Musyimi, mbona huchukui—