Jiwe Lililokunywa Mafuta

Bariadi,
Jumamosi asubuhi.

Kaka Mahona,

Mwangaluka, kaka. Kabla sijakuuliza habari za hapo Shishiyu, kuna jambo nililokuficha karibu wiki mbili, na siku za mwanzo sikumwambia mtu, hata padri: ile dawa ya jiwe uliyoniachia sikuipaka. Kopo lilikuwa chini ya kitanda changu, nyuma ya begi la vitabu, halijafunguliwa. Haya, nimeanza, na mkono unaweza kuendelea.

Natumaini goti la mama linaendelea vizuri na kwamba mvua imewafikia, maana huku imenyesha mara moja tu ikatukimbia. Mimi ni mzima. Shangazi Nyanjige naye ni mzima, yuko zamu hospitalini mpaka saa nane. Naandikia jikoni kwake nikiwa nimesimama, daftari liko dirishani, kwa sababu kaunta bado haitakiwi kuguswa. Ningeweza kukupigia kwa simu yake, ila kwenye simu ndiko nilikokudanganya.

Jumamosi ile ulipomaliza kubandika graniti ya kaunta hii, ulinikalisha juu ya ndoo ukaniambia niandike, kwa sababu mwandiko wako, ulisema mwenyewe, ni kuku aliyetoka matopeni. Niliandika nyuma ya daftari la Fizikia. Gundi ikauke siku mbili. Jumatatu nifute vumbi, nipake dawa, ya kuziba vitundu vya jiwe, kwa kitambaa laini, nisubiri robo saa, nifute inayobaki juu. Kesho yake nidondoshe tone la maji. Likisimama kama shanga, jiwe limeshiba. Likizama na kuacha weusi, jiwe bado lina kiu, nipake tena. Na nimwambie shangazi asitumie limau, siki wala stiliwaya, afute kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo tu, na sufuria ya moto aiwekee kitambaa chini. Ukanipa kopo, ukaniita Mwalimu, ukawahi gari la Lamadi kwenye kazi nyingine.

Jumatatu nilitoka shule na riwaya ya maktaba iliyotakiwa kurudishwa kesho yake. Nilijiambia nimalizie sura moja. Nilipoinua kichwa, shangazi alikuwa amesharudi, amepanga sufuria zake zote juu ya jiwe, anaimba. Ingenibidi nimwambie aondoe kila kitu. Unanijua, mimi hata chumvi mezani siombi. Jioni ulipopiga simu kuuliza, nilijibu kwamba tayari, linang'aa. Na kweli lilikuwa linang'aa. Hata jiwe lenye kiu hung'aa.

Alhamisi jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwetu. Shangazi alikaanga maandazi, na dumu la mafuta ya pamba likakaa juu ya kaunta tangu mchana, likivuja taratibu. Akina mama walipoingia kuona jiko jipya, dumu likainuliwa, na chini yake palikuwa na duara jeusi kubwa kama sahani. Shangazi alisugua mpaka jasho likamtoka. Doa halikusogea. Mama Mayunga, ambaye ulikuwa umeshampimia jiko la mgahawa wake, aliinama akalinusa, akasema ameona ng'ombe wakinywa, ameona na wanaume wakinywa, lakini jiwe linalokunywa mafuta ndiyo mara ya kwanza. Wote wakacheka isipokuwa shangazi. Kabla ya sala ya mwisho Mama Mayunga alishasema atatafuta fundi mwingine. Kuanzia siku hiyo shangazi akawa anamweleza kila mtu kwamba damu ya kaka yake imemletea jiwe bandia. Nimelisikia jina lako duka la vigae, kaka, watu wanalicheka.

Halafu Jumapili iliyopita mama akapiga simu. Alisema hulali, unajiita mjinga aliyeuziwa maji kwenye kopo la dawa, unataka kurudi kwenye jembe, na keshokutwa Jumatatu mtu wa Nyalikungu anakuja kununua grainda yako ya kukatia mawe. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikashindwa hata kulia.

Sasa nikuambie linaloniuma kuliko kopo. Siku ya doa, shangazi alipokupigia, ulimwambia kwamba dawa ulimwachia Specioza na imeshapakwa. Ukasikia kimya kidogo, kisha shangazi akakuita mwongo na kukata simu. Sijui kama umewahi kujiuliza kile kimya kilikuwa nini. Alikuwa amenigeukia, ananiuliza kama kweli uliacha dawa yoyote. Mimi nikatikisa kichwa. Sikutamka hata neno moja, kaka, na simu haisikii kichwa kikitikiswa. Dawa yako haikuwa feki. Jiwe lako ni zima. Mwongo wa siku ile nilikuwa mimi.

Jumapili hiyohiyo, baada ya simu ya mama, nililiweka kopo mbele ya shangazi pamoja na daftari la Fizikia. Alisoma ukurasa wote, akaligeuza kopo, akaona mfuniko haujaguswa. Hakunichapa. Aliniuliza tu kama najua nimemfanya amtukane nani. Akasema doa limeonwa na jumuiya, basi na ukweli utasikiwa na jumuiya.

Juzi Alhamisi nilisimama mbele yao. Mama Mayunga aliniambia nipaze sauti, nisilinong'oneze jiwe. Nikaanza upya, tangu riwaya mpaka kutikisa kichwa. Hakuna aliyecheka. Kazi ya mgahawa Mama Mayunga ameshampa fundi wa Mwanza, sitakudanganya tena, lakini alikiri mbele ya wote kwamba alikusema vibaya. Shangazi atakupigia leo akitoka zamu. Tafadhali pokea. Na grainda usimpe yule mtu.

Doa nimelitibu mwenyewe. Nilikoroga unga wa ngano na sabuni ya vyombo ukawa uji mzito, nikalipaka, nikafunika kwa nailoni, nikauacha siku nzima. Nimerudia mara tatu. Kimebaki kivuli. Shangazi amekataa kukifunika kwa kitambaa, anasema nikione kila nikiosha vyombo. Jana nikapaka dawa yako, mara mbili.

Msalimie mama, mwambie likizo nitakuja kumchotea maji. Barua hii anakuletea Mwandu, jirani yetu, anayekwenda Maswa mchana huu na atafika mpaka hapo Shishiyu. Yuko mlangoni ananihimiza, nimemwomba asubiri kidogo. Nimeweka kalamu chini, nimekwenda kwenye kaunta, nimedondosha tone la maji palepale kwenye kivuli. Nimehesabu hadi mia mbili. Bado limesimama.

Mdogo wako,
Specioza