Siku Nilipochambua Mbegu za Watu

Jumamosi, mvua. Imeanza alfajiri, bati linaunguruma, na mimi nina furaha ambayo nusura niikose. Naandika kwanza kwa mkono. Nitayachapa humu bloguni nikipanda Ngara mjini, umeme ukikubali.

Wiki hii nimefanya jambo la kijinga mbele ya darasa zima la tano.

Mada ilikuwa sehemu. Nusu, robo, theluthi. Nimezifundisha kwa chaki mpaka vidole vimepauka, na watoto wananitazama kama ng'ombe wanavyotazama gari likipita. Nikakumbuka tulivyoambiwa chuoni, kwamba zana za kufundishia zimejaa kwenye mazingira. Basi nikaagiza kila mtoto aje na kopo dogo la maharage kutoka kwao.

Wakaja nayo. Mekundu, ya njano, meusi, meupe, ya madoadoa, yote ndani ya kopo moja. Mimi ni mtoto wa Korogwe. Kwetu maharage yaliyochanganyika hivyo ni yale ya kufagia chini ya gunia, na moyoni nikasema kina mama wa hapa wavivu wa kuchambua. Nililisema kweli, na mpaka leo asubuhi linaniwasha.

Tukachambua. Kila rangi fungu lake juu ya mkeka, ya nyumba zote pamoja. Mekundu ni sehemu gani ya yote? Na meusi je? Mikono ikawa juu, hata ya wale wanaolala kipindi cha Hisabati. Goreti peke yake ndiye aliyelishikilia kopo lake kifuani. Huyu ni msichana wa dawati la mbele ambaye sauti yake, kwa bahati njema, naisikia mara moja kwa wiki nikiita mahudhurio.

"Goreti, hata wewe," nikamwambia.

Hakubisha. Watoto wa huku hawambishii mwalimu. Nikalichukua kopo, nikamimina mwenyewe.

Nilitoka darasani nimevimba kichwa. Nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyowasimulia walimu wenzangu.

Kesho yake Goreti hakuja shule. Siku iliyofuata akaja mama yake.

Mama Goreti alivuka kutoka Burundi kabla binti huyu hajazaliwa, akapata kipande cha shamba hapa Nyakisasa, akalima, akabaki. Alisimama mlangoni mwa darasa na jembe begani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza kwa upole kabisa, kwa lafudhi ya Kirundi:

"Mwarimu, mbegu yangu iko wapi?"

Mbegu. Si mboga.

Wakati huu wa kupanda nyumba nyingi hazina tena maharage ya kula. Kilichobaki ndani ni mbegu. Goreti aliagizwa kopo na mwalimu, mama yake yuko shambani, akachota kwenye kibuyu cha mbegu. Mwaka jana walivuna kidogo. Kopo lilipojaa, kibuyu kikawa kitupu.

Nilijibu upesi, kama kawaida yangu, kwamba nitamnunulia mbegu nyingine gulioni, tena zaidi ya zile. Akalitua jembe chini.

"Hii hainunuliwi, Mwarimu. Mama yangu alinifungia kwenye kona ya kitenge siku ya kukimbia. Mimi nikavuka. Yeye hakuvuka."

Mimi nikatazama yale mafungu yangu mazuri, yamepangwa kwa rangi kama bidhaa za dukani, na nikatamani ardhi inimeze. Mawingu yalikuwa yameshakusanyika juu ya vilima. Mvua ikimkuta mkono mtupu, mbegu ya mama yake imeishia mikononi mwangu.

Alipoondoka, watoto ndio walionieleza. Huku maharage hupandwa mchanganyiko kwa makusudi. Jua likizidi, haya yakifa, yale yanabaki. Mvua ikizidi, vivyo hivyo kwa upande wa pili. Darasa zima lilikuwa linajua. Walichambua kwa sababu mwalimu alisema chambueni.

Aliyeniokoa ni Kabula, binti wa Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Huyo hana haya hata kidogo. "Mwalimu, si tuyatafute tu?"

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kuhusu maharage hawakusema kitu.

Ijumaa niliifuta ratiba yote ubaoni. Goreti alikuwa amerudi. Tukamkalisha katikati ya mkeka, yeye ndiye mwenye kujua. Mbegu ya bibi yake kumbe ilikuwa na alama: nyeusi, ndogo, ina mshipi mweupe kiunoni. Hakuna nyumba nyingine iliyokuwa nayo. Watoto wakalivamia fungu la meusi, wengine wamelala kifudifudi, na kila aliyepata moja alipiga kelele kana kwamba kapata dhahabu.

Mekundu yake hatukuweza kuyatambua, wala ya njano. Hapo wakaanza kuchangia: chukua haya ya kwetu, baba alitoka nayo Biharamulo. Haya yalikuja na mkokoteni kutoka Shinyanga, Kabula akasema, na bibi alikuwa amekalia gunia lake njia nzima. Nikachora ramani ubaoni, mishale ikaanza kumiminika Nyakisasa kutoka kila upande. Mmoja akauliza kwa nini watu hukimbia kwao. Hilo tulilizungumza kwa muda mrefu, na Goreti alisema maneno mengi kuliko aliyosema mwaka mzima. Halafu tukarudi kwenye sehemu: kama meusi ni robo ya kopo, bado ngapi lijae?

Mwalimu Mkuu alichungulia dirishani. "Hiki ni kipindi gani?"

Nikageuka kuutazama ubao. Hisabati? Sayansi? Jiografia? "Vyote, Mwalimu," akajibu Kabula, na mzee wa watu akaenda zake akitikisa kichwa.

Jioni Mama Goreti akaja. Nikampa kopo kwa mikono miwili na kumwomba radhi mbele ya watoto. Aliingiza vidole, akayageuza maharage, akayanusa. Niliogopa. Goreti naye alikuwa ameng'ang'ania upindo wa kanga ya mama yake.

Kisha akaketi mkekani, akaanza kuchagua yale meusi ya mshipi mweupe. Nilidhani anayahesabu. Kumbe anayagawa. Kila mtoto akawekewa machache kiganjani.

"Pandeni kwenu. Nilikuwa nayo peke yangu, na mmeona, siku moja tu yangepotea. Sasa nikiharibikiwa, au wakisema turudi ng'ambo ya mpaka na njiani yakapotea, ninajua pa kubisha hodi."

Nililia. Sioni sababu ya kuficha.

Na mimi alinipa. Nikamwambia sina shamba. Akasema nyuma ya nyumba ya mwalimu pana majani tu, ameyaona.

Basi leo asubuhi, mvua ikiwa bado rasharasha, nimeazima jembe na kulima kijisehemu kile. Nimepanda ovyo, majirani wamenicheka, mmoja akaingia kunirekebishia mistari. Huko bondeni nimemwona Mama Goreti ameinama shambani kwake, Goreti nyuma yake anadondosha mbegu na kufukia kwa mguu.

Tangu nifike hapa nimekuwa nikiomba uhamisho wa kurudi Tanga. Kila muhula naomba. Nilikuwa nimepanga kuulizia tena Jumatatu.

Sasa nina viganja vyenye udongo, na swali moja. Siku Mama Goreti akija kubisha hodi mlangoni kwangu, atanikuta?