Kwa Mama Judith, Aliyempa Mbuzi wa Soksi Sauti

Ijumaa hii unatimia mwaka, mama Judith, tangu Alhamisi ile ya tarehe 11 Julai, siku ambayo kila kitu kiliharibika mbele ya watu mia mbili waliokuwa wakipiga makofi. Ulitoka hapa nyumbani Mogitu saa moja asubuhi, umebeba kapu lako la vikaragosi kichwani. Jioni kapu lilirudi na mimi. Wewe ulibaki kituo cha afya, umefunikwa shuka.

Sikutaka kuandika kwa urefu. Nimechoka. Lakini kuna jambo jipya, na wa kumwambia ni wewe. Sasa wanamtaka Judith.

Barua aliileta mtendaji wa kijiji mwenyewe, ina muhuri. Chumba cha pili cha darasa kimekwisha, na wanaomba binti yako aje na vikaragosi vya mama yake kumburudisha mgeni rasmi. Siku ya uzinduzi ni Ijumaa hii, tarehe ileile. Sijui kama kuna aliyeangalia kalenda. Mimi niliishia darasa la nne, lakini barua hiyo nimeisoma mara tatu, neno kwa neno, na jina lako sijaliona.

Watu walikujua kama Mwalimu Bernadina, mwalimu wa kujitolea wa darasa la awali. Wachache wanajua kazi ile ya vikaragosi uliitoa wapi. Mimi ulinisimulia tukiwa wachumba, na ulirudia mpaka nikawa naona kama na mimi nilikuwepo.

Ulikuwa na miaka kumi hivi. Wewe na dada yako Hilda mlitolewa Maretadu mkapelekwa kwa shangazi mjini Mbulu ili msome. Masista wa shule mliyosoma walikuwa na televisheni, na dishi kubwa nje ambalo kuku walikuwa wanalala chini yake. Kila Jumamosi mchana, mkishamaliza kufagia, mliruhusiwa kuingia ukumbini. Mnakaa kwenye saruji, baridi ya Mbulu ile, watu watatu mmejifunika kanga moja. Basi kinaanza kipindi cha vikaragosi, wale wanyama wa kitambaa wenye mkono wa mtu ndani. Kulikuwa na mbuzi mwenye masikio marefu, kuku anayechelewa kila anakokwenda, na mzee mmoja mwenye nyusi kama brashi ya viatu.

Walikuwa wanaongea Kiingereza, na hakuna mtoto hata mmoja aliyekielewa. Mkawa mnawawekea maneno wenyewe. Hilda alimsemea kuku, wewe ukamsemea mbuzi. Siku moja mbuzi wako akalalamika kwamba uji wa hapa hauna sukari, kuku wa Hilda akajibu kwamba sukari ipo, imefungiwa kabatini. Hamkujua kuna sista amesimama mlangoni. Jumamosi iliyofuata uji ulikuwa na sukari.

Ulikuwa ukifika hapo unacheka mpaka unashika mbavu, halafu unasema: "Baba Judith, siku ile ndiyo nilijua mbuzi anaweza kuomba kitu na akapewa."

Umeme ulipofika kwetu ulitaka televisheni kabla hata ya pasi. Ulikitafuta kipindi kile miezi na miezi. Hakipo. Ukaona watoto wanavyoangalia katuni za siku hizi, zinakimbia kama zimekalia moto, hakuna nafasi ya mtoto kuweka neno lake. Ukazima. Kesho yake natafuta soksi zangu za buti, naona mguu mmoja una masikio. Macho ni vifungo vya koti la baba, mdomo ndani ni kipande cha ndara nyekundu. Ukamwita Kiherehere. Nilivaa soksi moja ya kijani na moja nyeusi msimu wote wa mahindi, na hukuniomba msamaha.

Mbuzi huyo alifanya kitu ambacho hapa nyumbani hakuna aliyewahi kukifanya. Ulipoolewa, wewe Mwiraqw kuja kwetu Wadatoga, mama yangu alikufundisha kwamba mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno linalokaribiana nalo. Uliishika heshima hiyo miaka kumi na saba, wakati hata waliozaliwa kwetu wanajisahau. Kisha baba akapata kidonda cha mguu. Akakataa kliniki. Tulimsihi sisi wanawe, katekista naye akamsihi, yeye akasema mguu ni wake. Asubuhi moja amekaa ndani, tukaona Kiherehere anachungulia mlangoni, mkono wako umejificha nyuma ya ukuta.

"Gidahosh," mbuzi akasema, "acha ujeuri. Vaa viatu twende kliniki."

Wanawake wakaziba midomo. Mama akaweka kibuyu chini. Baba alimtazama yule mbuzi.

"Mbuzi huyu," akauliza, "ameolewa hapa?"

Ukajibu kwa sauti yako mwenyewe, ndogo, kutoka nje: "Hapana, mzee. Hajaolewa."

"Basi hana kosa. Nileteeni viatu."

Mguu ulipona. Tangu siku hiyo watu wenye jambo zito la kumwambia mkubwa walikuwa wanakuja kwako kuazima mbuzi. Na sifa hizo zikafika ofisi ya kijiji.

Sasa niseme ya siku ile ya kuzindua chumba cha kwanza, wasomaji wa kumbukumbu hii nao wajue, kwa maana yameandikwa vingine.

Kifua kilikuwa kinakusumbua siku tatu. Nilikuambia ubaki, ukasema watoto wamefanya mazoezi. Mtendaji alikuwa ameshayasikiliza maneno ya mbuzi kabla, akakata sehemu ambayo mbuzi anaomba vyoo vya shule. Mbuzi ashukuru tu, alisema. Mgeni rasmi alitakiwa saa tatu asubuhi. Saa tano hayupo. Upepo wa Julai unaujua mwenyewe ulivyo hapa chini ya mlima, unapita kwenye nguo kama hujavaa. Ukaomba ukae ndani ya darasa jipya wewe na watoto. Wakasema mlango haufunguliwi, utepe haujakatwa. Watoto thelathini na mwalimu mgonjwa wakakaa nje kwa sababu ya utepe.

Mgeni alifika saa tisa alasiri. Akakata utepe, akapewa kiti. Ukaingia nyuma ya pazia lako la kanga, Kiherehere akatokeza, akashukuru kama alivyoamriwa. Halafu akanyamaza. Nilifikiri umesahau maneno. Ndipo mbuzi akasema: "Mheshimiwa, huyu mama aliyenishika kifua kimembana. Naomba gari limpeleke hospitali."

Uwanja mzima ulicheka. Mgeni rasmi akafuta machozi, akamgeukia mtendaji, akasema mbuzi huyu ana akili, anaombea kata gari la wagonjwa. Akasimama akatangaza kwamba ombi limepokelewa na litafanyiwa kazi. Makofi. Mbuzi akasema tena: "Sio gari la mwakani. La sasa hivi." Wakacheka zaidi.

Na mimi nilicheka, mama Judith. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko la wapishi, nikacheka na wenzangu, nikasema huyo ndiye mke wangu. Hilo halimo kwenye barua yoyote niliyoipeleka maofisini. Naliandika hapa.

Watu wananiuliza kwa nini hukutoka nyuma ya pazia useme mwenyewe. Mimi sina haja ya kuuliza. Baba yangu alikuwa mstari wa mbele na wazee wenzake na wakubwa wa serikali. Hukuwa mwanamke wa kupaza sauti mbele ya wakwe. Mbuzi ndiye aliyekuwa na ruhusa. Lakini wao wakubwa, waliosoma, waliomwona mwalimu akikohoa tangu saa tatu, mbona hawakufikiri?

Pazia likatikisika, mbuzi akalala kifudifudi, na wewe juu yake. Hapo kicheko kikaisha.

Magari yalikuwa matatu pale, yamepangwa vizuri yakitazama barabara. Nilimwendea dereva wa kwanza, akasema hana ruhusa. Wa pili akasema nimwone mtendaji. Mtendaji akasema magari ya msafara hayaondoki mgeni akiwa bado yupo, ndio utaratibu, nitafute usafiri mwingine. Tulikupandisha bodaboda ya Evarist, wewe katikati, mimi nyuma nimekushika. Njia nzima uliongea mara moja tu. Ulisema: "Viti tulivyoazima parokia virudishwe kabla ya Jumapili." Vilirudi, mama Judith. Vyote.

Tabibu alisema ni mapafu. Alisema pia kwamba ungefika mchana wangeweza kukusaidia. Alisema kwa upole, sina ubaya naye. Dripu alikwenda kuiazima wodi nyingine.

Baada ya matanga nikaanza kwenda maofisini. Kijiji wakasema niende kata. Kata wakasema niende wilayani. Wilayani kijana mmoja, nikamwamkia mimi kwa sababu yeye alikuwa hajaniamkia, akanisomea taarifa ya siku ile. Imeandikwa kwamba uzinduzi ulifanyika kwa mafanikio, burudani ya vikaragosi ilivutia, na ombi la gari la wagonjwa lilipokelewa. Kuhusu wewe imeandikwa kwamba mwalimu mmoja alipata hitilafu ya kiafya. Hitilafu. Kama jenereta.

Gari la wagonjwa halijaja.

Judith sasa ana miaka kumi na tano. Ameshona mdomo wa Kiherehere uliokuwa umechanika. Namsikia nyuma ya nyumba, sauti yake ya mbuzi inafanana na yako hadi nashindwa kupita pale. Baba amesema mtoto asikanyage uwanja ule. Mimi nilikuwa upande wa baba. Ila juzi tukiwa tunapukuchua mahindi Judith akaniambia: "Baba, nisipokwenda, wale wadogo watadhani mbuzi alizikwa pamoja na mama." Nikaendelea kupukuchua.

Ndiyo maana jana nilikwenda kwa mtendaji. Sikugombana, nguvu za kugombana ziliisha kwenye mabenchi ya maofisi. Nilimwambia binti atakuja, kwa sharti moja, kwamba nijibiwe swali moja tu, na nikamuuliza. Akafungua daftari, akafunga, akasema suala hilo linatakiwa lipande juu. Nikapanda kata mwenyewe. Kata wakasema mratibu wa msafara ndiye anajua. Mratibu wa msafara hapokei simu ya namba asiyoijua.

Misa ya kukuombea ni Jumamosi saa mbili asubuhi, parokiani, kisha tutakwenda kaburini. Anayekuja asisumbuke na chochote, aje tu.

Unakumbukwa na mimi mumeo, Yonas Gidahosh. Na wanao Judith na Patriki. Na baba mkwe wako, Mzee Gidahosh, ambaye hamruhusu mtu kuvaa lile koti lisilo na vifungo. Na dada yako Hilda wa Maretadu, na ukoo wenu wote wa Tluway. Na watoto wa darasa la awali, ambao wanakuita mwalimu mpaka leo ingawa wameletewa mwingine.

Siku tulizobakiwa nazo, zote, wewe umo ndani yake.

Swali nimeliacha kijijini, nimeliacha kata, na sasa naliacha hapa kwenye karatasi kila mtu alione, kwa kuwa Ijumaa ni keshokutwa na hakuna aliyenijibu: mtoto wangu akizidiwa pale uwanjani, atapanda gari lipi?