Mnyororo Unaocheza Kwenye Msumeno wa Baba

Mama Mshauri, shikamoo. Nakusikiliza redioni tangu nikiwa kidato cha kwanza, na wote wanaokuandikia wana matatizo ya wachumba au ya mawifi, kwa hiyo nimesita sana kukuandikia, maana tatizo langu ni upanga na mnyororo wa msumeno wa kukatia miti. Lakini sina mwingine wa kumwambia, na hapo sitii chumvi, kwa sababu rafiki yangu wa pekee alihama na wazazi wake mara tu tulipomaliza mtihani na simu yake haipatikani, mama aliolewa kwingine zamani na ana watoto wengine, na hapa nyumbani tuko wawili tu, mimi na baba, na baba hasikii.

Hakuzaliwa hivyo. Baba ni mkata miti, watu humwita mti ukiangukia ukuta au tawi likitishia bati, na kazi hiyo ameifanya miaka yote bila kuziba masikio, mpaka msumeno ukamla usikivu kidogo kidogo, kwanza akaacha kusikia hodi, halafu mvua, na sasa ili anisikie ni lazima nipige kelele mpaka jirani aitikie, na mimi sijui kupiga kelele. Shuleni waliniita Sisimizi kwa sababu mwalimu akiniuliza swali darasa zima lilikuwa linainama mbele ili linisikie. Basi nyumbani kwetu ni kimya. Tunakula kimya, baba anainua kikombe kunionyesha kwamba chai ni nzuri, ninatabasamu, imetoka hiyo. Naweza kumaliza wiki nzima bila kusikia sauti yangu mwenyewe, isipokuwa ninapoimba na redio jikoni, ambayo naifungulia mpaka mwisho kwa kuwa haimsumbui.

Mahali pekee tunapozungumza ni kazini. Tangu nimalize shule nafuatana naye, nasimama pale anaponiona, na mimi ndiye masikio yake. Injini ikianza kulemewa nashusha kiganja, mnyororo ukianza kulia kwa kukosa oili nasugua vidole, mtu akikaribia nainua mikono yote miwili naye anazima papo hapo. Siku moja alimwambia mwenye nyumba mmoja, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "Huyu binti akisema zima, nazima, hata kama mti umebakiza unyuzi!" Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilifurahi mpaka nikashindwa kulala.

Msumeno wenyewe ni wa zamani sana, alama zake zimefutika kwa oili na mikono, hata mtindo wake hausomeki. Juzi juzi upanga wake, yaani kile chuma bapa ambacho mnyororo unakizunguka, ulipinda, na mnyororo nao ulikuwa umenolewa mpaka ukabaki kibogoyo. Kazi zikasimama. Shangazi, dada yake baba, akaja, akakaa sebuleni na kusema kwa sauti ambayo mtaa mzima ulipata habari zetu: "Kaka, uza hilo chuma! Kule kambini msituni wanatafuta watu, mashine mpya, chakula juu yao! Mtoto niachie mimi!"

Baba akasema, "Nikipata upanga na mnyororo, nabaki. Nikikosa, nitakwenda."

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Kambini hawapokei wasichana. Na kwa shangazi, Mama Mshauri, si kwamba wananitesa, hapana, kuna watu mpaka kwenye korido na wote wanaongea kwa mpigo, na pale ndipo ninapokuwa peke yangu kuliko popote.

Baba akanituma mimi dukani kwa sababu yeye hawezi kusikia muuzaji anasema nini. Akaniambia nichukue upanga wa zamani na mnyororo wake ili walinganishe. Sikuvichukua. Njia ya dukani inapita mbele ya saluni ambapo wasichana wa darasa letu wanashinda, nikajiona nimebeba chuma kilichopinda begani, nikaona aibu, nikakipima kwa futi kutoka ncha mpaka mkiani na kukiacha nyuma ya mlango.

Dukani kulikuwa na wanaume wameegemea kaunta kama wanaishi pale. Muuzaji wanamwita Bolti.

"Sema, binti, hapa hatuli mtu."

"Upanga wa msumeno," nikasema.

"Wa nini?"

"Huyo anataka wanja, kapotea duka," mmoja akasema nyuma yangu, wakacheka.

"Mwacheni mtoto wa watu. Mashine ya mtindo gani?"

Nikasema ya zamani.

"Zamani ipi, ya Nuhu?" Wakacheka tena, na Bolti naye safari hii akacheka. Nikataja urefu. Akauliza kama mnyororo ni mnene au mwembamba, na mimi sikujua kabisa kwamba kuna mnene na mwembamba, nikaitikia kwa kichwa. "Mwembamba?" Nikaitikia kwa kichwa. "Nafasi kati ya meno ile ya kawaida?" Nikaitikia. Angeniuliza kama nataka na jeneza ningeitikia, mradi nitoke pale.

Nyumbani baba aliufunga upanga. Bolti za mashine ziliingia. Akaona ni mrefu kuliko ule wa kwanza, akasema, "Huu mrefu," kisha akapitisha kidole gumba kwenye mnyororo polepole, taratibu, mpaka nikadhani kuna kitu amekiona, halafu akaniangalia na kunipa mkono kama mtu mzima mwenzake. "Utafaa," akasema. "Msomi wangu!" Jirani akaitikia ng'ambo ya ukuta, "Hongereni!"

Akauwasha uani kuujaribu. Nilisikia sauti kavu, kama kisu kikikwaruza sahani, na mnyororo ukawa unashtukashtuka. Nilitakiwa kusugua vidole. Niliingiza mikono mfukoni.

Jioni baba alipokwenda kuoga niliushika mnyororo kwa kitambaa nikausukuma, ukalala kushoto, ukalala kulia, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Na upanga ulikuwa mkavu, hauna hata tone. Sasa ameshakubali kazi ya kuangusha mti mkubwa uliokauka nyuma ya kiwanda cha mikate, umeinamia paa, na ataanza Jumatatu. Nikimwambia, atauza msumeno aende kambini, na nitakuwa nimemfukuza kwa mkono wangu. Nisipomwambia, atasimama chini ya ule mti akiwa na mnyororo niliouchagua kwa kichwa. Tena kumwambia kwenyewe, kwa kuwa hajui kusoma, ni kupiga kelele mtaa mzima usikie kwamba msomi hajui kununua kitu. Naomba unishike mkono, nifanyeje? Tafadhali usitaje jina langu.

Ni mimi,
Sisimizi

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako imeruka foleni, na wenye wachumba na mawifi watanisamehe, kwa sababu ya kwao yanaweza kusubiri na Jumatatu haisubiri.

La kwanza, msumeno huo usiwashwe tena ukiwa na upanga huo. Usiwashwe hata kwa kujaribu, hata kwa kukata tawi dogo tu. Nimempigia shemeji yangu, ambaye amepasua mbao nusu ya maisha yake, nikamsomea maneno yako, na nilipofika kwenye jino la mtoto akanikatiza, "Mwambie huyo binti afiche hata spana." Mnyororo unaolala huku na huku unaweza kuchomoka mashine ikiwa kasi, na ukichomoka, unamrudia aliyeushika. Mtu huyo ni baba yako.

Kisha akanieleza mpaka chai yangu ikapoa, nami nakupa nilichoelewa. Urefu ndio kitu cha mwisho kuuliza. Mnyororo una meno ya juu yanayokata, na una vijino vya chini vinavyotembea ndani ya mfereji wa upanga. Unene wa vijino hivyo lazima ujae mfereji sawasawa. Wewe umepewa mfereji mpana na vijino vyembamba, ndiyo maana vinacheza humo kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Nafasi kati ya kijino na kijino nayo lazima ikubaliane na ile gia ndogo ndani ya mashine inayouzungusha mnyororo. Isipokubaliana, mnyororo unapanda meno ya gia na kuteleza, na huko ndiko kushtukashtuka ulikokuona. Mkia wa upanga, ule unaojificha ndani ya mashine, nao una matundu yake. Bolti za mashine kuingia si ushahidi wa kitu, kwa sababu kuna tundu la oili, na likikaa pembeni kidogo tu, oili inabaki ndani na upanga unaungua. Na urefu uliupima pamoja na huo mkia, ilhali muuzaji huhesabu kile kinachoonekana nje. Ndiyo maana umekuja mrefu, na mashine ya umri huo italemewa nao.

Kwa hiyo rudi dukani na upanga wa zamani, mnyororo wa zamani na vile vipya. Kama baba anaweza kubeba na mashine yenyewe, heri zaidi, maana alama zikifutika mashine ndiyo inayobaki kusema. Upanga ulazwe juu ya upanga, tundu juu ya tundu. Vijino vya chini vihesabiwe kimoja kimoja. Gia ifunguliwe itazamwe, na kama imelika ibadilishwe, la sivyo itautafuna mnyororo mpya kabla hujauzoea. Shemeji anasema mitindo mipya mingine ina mkia uleule wa mashine za zamani, kwa hiyo msikate tamaa kwa neno la duka moja. Na huyo Bolti, akikuuliza usichokijua, mjibu "sijui." Ni neno fupi, halihitaji sauti kubwa, na kazi ya muuzaji ni kukueleza. Ulimwitikia kwa kichwa kwa sababu uliwaogopa wanaume wa kaunta, na hao wameshakusahau. Wana wateja wengine wa kuwacheka.

Kuhusu wasichana wa saluni sina la kusema, ila hawakupi kula.

Sasa nikukaripie kidogo, kisha tuyamalize. Mwanangu, mikono mfukoni? Mtu anayekuamini kuliko masikio yake mwenyewe, unasikia chuma kinalia, unaficha mikono? Najua ulikuwa unajaribu kumbakisha nyumbani. Lakini hujambakisha baba kwa kumnyima masikio. Na wewe mwenyewe, unaposimama pale kando ya ile mashine, umeziba nini? Tafuta vizibo vya masikio. Injini ikilemewa utaisikia tu hata ukiwa navyo, shemeji ameniapia. Nyumba yenu haiwezi kuwa na viziwi wawili.

Sasa lile ambalo hukuniuliza. Umeandika kwamba baba alipitisha kidole gumba kwenye mnyororo polepole mpaka ukadhani kuna kitu amekiona. Mwanangu, amekiona. Mtu aliyeshika msumeno tangu hujazaliwa hawezi kupitisha kidole kwenye mnyororo unaocheza asijue. Hahitaji masikio kwa hilo. Alijua, akakuangalia usoni, akakupa mkono, akasema utafaa. Nadhani hataki kwenda kambini. Nadhani naye amekesha akipiga hesabu zilezile ulizopiga wewe, ukuta mmoja katikati yenu, na akaona afadhali asimame chini ya mti na mnyororo mbovu kuliko kuwa mtu wa kukupeleka kwenye korido ya shangazi yako. Mmenyamaziana kwa upendo, na upendo wa namna hiyo unaweza kumtoa mtu mguu.

Naweza kuwa nimekosea kuhusu baba, simjui. Kuhusu mnyororo sijakosea.

Siwezi kukuahidi kwamba atabaki. Huenda upanga wa mashine hiyo usipatikane kabisa, huenda akaenda kambini msimu mmoja, na huenda ukalala kwa shangazi na kulia kimya. Ikiwa hivyo, niandikie tena, utanieleza, na tutatafuta la kufanya. Lakini baba aliye kambini anarudi likizo.

Hutahitaji kupiga kelele. Mchukue kwa mkono hadi uani. Ushike mnyororo kwa kitambaa, mbele ya macho yake, uulaze kushoto, uulaze kulia. Mwonyeshe upanga ulivyo mkavu. Halafu inua mikono yote miwili. Atakuelewa kuliko anavyomwelewa jirani yeyote. Kesho asubuhi mwende wote wawili kiwandani kumwambia mwenye mikate kwamba mti utasubiri. Umeshakauka, hauna pa kwenda.

Fanya hivyo leo, kabla ya chakula. Na ukimaliza kumwonyesha usikimbilie jikoni, maana najua ndiko utakakotaka kwenda. Baba yako atakaa kimya, pengine kwa muda mrefu, kwa kuwa hilo mmerithishana. Kaa naye hapo hapo chini, na usinyanyuke mpaka aseme neno.