Jagi Moja la Maji, Mwezi wa Saba

Jumapili, mwezi wa saba. Ukungu umekalia vilima vya Tawa tangu asubuhi, na jua likitokea ni la kuchungulia tu. Nimevaa sweta mbili. Nina hasira na watu watatu.

Jana Mwende wangu alitimiza miaka minne.

Niseme ukweli, sikutaka sherehe ya nje. Nani anamfanyia mtoto bathdei uwanjani Julai, huku kwetu, wakati hata kuku hawataki kutoka? Lakini mume wangu alikuwa ameshaalika ukoo mzima pamoja na akina mama wa kanisa, na sebule yetu ikiingia watu kumi mnapumua kwa zamu. Basi tukaazima hema na viti vya plastiki, tukawasha moto wa kuni mbali kidogo ili moshi usiwafikie watoto. Nikamvalisha Mwende fulana, sweta, koti na boshori la sufu kichwani mpaka akawa mviringo kama kabichi. Akanuna kwa sababu gauni jipya halikuonekana.

Sharti langu lilikuwa moja. Maji hapana.

Kwa asiyejua, siku hizi huku kwetu mwenye bathdei anamwagiwa maji. Ofisini, shuleni, hata kwenye kwaya. Wanasema ni mapenzi. Mimi mwenyewe nimeshika ndoo mara nyingi, na kuna mwalimu mwenzangu niliyemlowesha hadi soksi. Lakini huo ulikuwa mwezi wa pili, jua linachoma, na mwalimu ni mtu mzima.

Julai iliyopita Mwende alilazwa siku sita kwa nimonia. Nilikaa kando ya kitanda nikitazama mbavu zake zikibonyea kila akivuta pumzi, bomba la oksijeni limebandikwa puani kwa plasta. Baba yake alikuwepo. Aliona. Alilia kwenye korido akidhani simwoni.

Kwa hivyo nilimwambia kila mtu. Kilonzo, mdogo wa mume wangu, nilimwambia mara mbili kwa sababu namjua. Akanijibu, "Sawa shemeji, nimeskia."

Alisikia! Sikio la kufa halisikii dawa.

Keki ikakatwa. Susu, nyanya yake Mwende, akaomba sala ndefu hadi chai ikapoa. Tuliposema amina, Kilonzo akatoka nyuma ya tanki na jagi. Maji ya tanki, Julai. Akayamwaga yote kichwani kwa mtoto.

Mwende hakulia mara moja. Alifungua mdomo na pumzi haikuja. Hizo sekunde sitazisamehe.

Nilimbeba mbio hadi ndani, nikamvua yote, nikamfunga kwa leso na blanketi. Boshori lilikuwa linatiririka. Huko nje watu bado walikuwa wanacheka. Kilonzo akaja mlangoni na jagi bado mkononi.

"Pole shemeji, lakini bathdei bila maji ni ya aina gani? Ni mchezo tu."

Nikamwambia maneno ambayo mama wa kanisa hafai kuyasema, na akina mama wa kanisa waliyasikia. Sijutii hata moja.

Susu naye akaingia, akamgusa mtoto shavu. "Aiya, hata hawa wangu niliwaogesha maji baridi na wakakua."

Ndiyo, walikua. Wale wa majirani ambao hawakukua hawawezi kuja hapa kutusimulia. Hilo sikulisema, kwa heshima.

Lakini anayenichoma zaidi ni mume wangu. Yeye ndiye aliyeshika simu. Sasa nakumbuka alikuwa anarekodi, tena ameielekeza kwenye tanki kabla Kilonzo hajatokea. Maana yake alijua. Mtu aliyelia kwenye korido ya hospitali alijua, akatafuta mahali pazuri pa kusimama.

Usiku Mwende alikohoa mara mbili. Nililala sikio langu likiwa mgongoni kwake. Leo hana homa, ameomba keki iliyobaki, anakimbizana na puto. Bado siamini. Mwaka jana pia ilianza na mtoto anayecheza. Kesho asubuhi tunaenda kliniki, akikohoa asikohoe.

Video iko kwenye grupu la ukoo tangu jana jioni. Watu wameijaza vikatuni vya kucheka. Mchana wa leo niliketi nikaandika ujumbe mrefu, na nikataja majina. Kilonzo. Susu. Baba Mwende. Kabla sijautuma nikaona niitazame video yenyewe, ambayo nilikuwa nimekataa kuitazama, ili asije mtu akasema nimemsingizia.

Kilonzo anatoka nyuma ya tanki. Jagi linainuka. Maji yanashuka. Halafu, kabla ya makofi, kabla mtu yeyote hajapiga kelele, mwanamke mmoja anacheka. Kicheko kirefu, cha raha.

Nimeirudia mara tano. Ni mimi.

Nakumbuka nilivyokimbia. Kicheko sikikumbuki kabisa. Kinywa kilitangulia, akili ikaja baadaye, na mtoto wangu wakati huo amefungua mdomo anatafuta hewa.

Hasira haijapungua hata kidogo. Imeongezeka mtu.

Ujumbe bado uko kwenye simu, sijautuma. Nimefuta majina yote, na sasa sijui nianze na la nani.