Kuhusu Yule Mwana Nuru Wako

Baba Salim, mume wangu,

Salamu za nyumbani. Sote wazima, na paa la msalani bado lavuja. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu, zile nilizofunzwa chuoni utotoni, kwa sababu za skuli sizijui na wewe wajua sizijui. Wanao wamesoma, lakini hizi zimewashinda. Basi hakuna atakayeusoma waraka huu ila wewe, na ni vyema, maana nina maneno nawe. Makaburini kwetu wanawake hatuendi, la sivyo ningekuja nikakwambia papo hapo juu ya kichwa chako.

Nimetoka eda. Nguo nyeupe nimezivua, udi umefukizwa mpaka jirani akapiga chafya, na Salim alikuja na watoto kutoka Mbaraki tukala pamoja. Nilikaa ndani muda wote ule kama inavyotakiwa, wanawake wakiingia na kutoka na sukari zao na majani yao ya chai. Nililia, Baba Salim. Usidhani sikulia. Nililia hata sauti ikakauka, wakawa wanipa tangawizi.

Lakini hebu nikwambie jambo moja lililoniuma. Kila mwanamke aliyesoma vitabu vyako alipokuja kunipa pole alinishika mikono, akaniangalia usoni, akasema, "Kumbe ndiye wewe! Ndiwe Mwana Nuru!"

Nikawa naitikia "Alhamdulillahi" huku moyo wanichemka. Mimi si Mwana Nuru. Nilikuuliza mwenyewe kama huyo mwanamke wa vitabuni mwako ni mimi, ukacheka hata kahawa ikakumwagikia kanzu. Ukasema, "Wewe, Bi Fatuma? Ungekuwako siku ile, Wareno wangegeuza merikebu wenyewe." Nilicheka nawe. Kisha nikaingia jikoni, nikaukuna mnazi mzima kwa hasira, na hatukuwa na haja ya nazi siku ile.

Vitabu vyako vya mwanzo havikunisumbua. Ulipoandika zama za reli, nyumba ilijaa makuli na simba na wazungu wenye homa, lakini wale walikuwa wanaume na walilala huko huko bara. Ulipoandika vita vya Mjarumani, wapagazi wako walikufa kwa kuhara ukurasa hadi ukurasa, nikakuhurumia, nikawa nakupikia uji. Halafu ukasema wataka kurudi nyuma zaidi, ukaandike Mvita ilivyokuwa Wareno walipouchoma mji mara ya kwanza. Nikakwambia nenda, baba. Ukaenda. Ukarudi na mwanamke.

Mwembamba, mwenye macho ya kulala, sauti yake kama maji ya mtungini. Na hajibu! Mumewe akisema neno, yeye huinamisha kichwa. Ulimtoa wapi mwanamke kama huyo katika mji huu? Vitabu viwili ukamwandikia, cha kwanza utoto wake, cha pili harusi yake, na harusi yenyewe siku saba, ngoma kila pembe. Mimi uliniolea ukumbini kwa marehemu mjomba, biriani ikapungua.

Na kikuba je? Wakumbuka? Ulikuja kutoka Marikiti na kikuba cha asmini na rehani kimefungwa vizuri, nikanyoosha mkono nikachukue nikibandike kifuani. Ukasema, "Ngoja kwanza, hiki cha Mwana Nuru. Nataka kujua kinanukia vipi mpaka asubuhi." Ukakiweka mezani kwako penye makaratasi. Mimi nimesimama, mkono uko hewani. Nilikitupa dirishani, na nikikipata leo nitakitupa tena.

Ndivyo ulivyokuwa ukifanya kazi, huwezi kuandika kitu mpaka kipite puani na mdomoni mwako. Ukaniambia watu wa zama zile hawakuwa na pilipili kali, wala muhogo, wala mahindi, wala nyanya, vyote hivyo vililetwa baadaye na hao hao Wareno. Basi nyumba nzima tukala kama watu wa zama zile. Wali, mtama, samaki wa ukwaju, pilipili manga kidogo. Wageni wakija nawaambia hamna pilipili, Mwana Nuru hajaletewa. Wakidhani nina ugonjwa. Siku ile ulipochoka nacho ukasema, "Bi Fatuma, chakula hiki si kizuri," nilikupenda upya. Angalau ulimi wako ulikuwa bado ni wangu.

Na masikio yangu yalikuwa yako. Hilo hakuna wa kuninyang'anya. Vitabu vyako vimeandikwa kwa herufi nisizozijua, lakini hakuna sura uliyoiandika kabla hujanihadithia. Baada ya alasiri, mimi juu ya mbuzi nakuna nazi, wewe umeegemea nguzo na kofia umeivua. Ukimaliza wauliza, "Yaingia akilini?" Nikisema haiingii, waenda kuibadilisha, wanuna lakini wabadilisha.

Ile sura ya mwisho ya kitabu chake cha tatu ulinihadithia hivyo hivyo. Mji umeungua. Wanawake wamekimbilia minazini, wanaume wamebaki juu ya mapaa wakiwatupia Wareno mawe. Wareno wamejaza merikebu zao, wameondoka. Mwana Nuru arudi peke yake, akuta nyumba haina dari, akaa kizingitini amngoje mumewe. Nikakuuliza, "Arudi, harudi?" Ukasema, "Sijui bado. Nikijua nitakwambia wewe kwanza." Ukaingia kusali. Wiki ile ile ukafa.

Hukuniambia, Baba Salim.

Sasa nije kwa Mwende. Mwanafunzi wako, yule wa Buxton, wa miwani na kalamu nyekundu. Sikuficha ulipokuwa hai na sifichi sasa, simpendi alivyokuwa akikaa nawe mkijadili "sura ya saba, sura ya saba" kama watu wenye mtoto wao. Mimi natia chai, nanyamaziwa. Alikuja katikati ya eda, amejifunga leso kwa heshima, sikatai. Akasema, "Mama, wachapishaji wataka nikimalizie kitabu cha Mwalimu. Mwalimu aliniambia mwisho amekusimulia wewe."

Nikamwambia sijui kitu, nikampa mandazi.

Ningempa vipi? Vitabu vyako viko kila duka. Jina lako liko kwa watu nisiowajua, waja hapa kutoka Nairobi wakasema "Mwalimu wetu, Mwalimu wetu," mimi nikiwasikia nyuma ya pazia kama mjakazi wa nyumba. Kilichobaki changu peke yangu ni kile kipande. Nikikitoa, nabaki na nini? Kanzu na kofia.

Akaja tena nilipotoka eda. Hakuuliza kitabu. Alikaa, akala, akaosha kikombe chake. Nikashindwa mimi. Nikamuuliza, "Wewe wampenda huyu Mwana Nuru?" Akavua miwani, akaifuta, akasema polepole, "Mama, nikwambie kweli? Anachosha. Alia sana. Mwalimu hakutaka kusikia."

Wallahi nilicheka, Baba Salim. Nilicheka kicheko cha kwanza tangu utoke nyumba hii umebebwa. Mwende naye akacheka, tukashikana mabega. Nikamhadithia yote pale pale, moto, minazi, kizingiti. Aliandika mbio. Alipofika mwisho akauliza swali langu lile lile: "Mumewe arudi, Mama?"

Sikufikiri. Nikasema, "Harudi. Amekufa juu ya paa."

Akaniangalia kidogo, akaandika. Akafunga daftari, akanibusu mkono, akaenda zake. Na mimi nilifurahi, usidhani sikufurahi. Nilisema moyoni, na yeye ajue. Avae nyeupe na yeye. Akae ndani aletewe sukari.

Kesho yake nilikuwa nachagua mchele, nikasita, kokoto mkononi. Nikajiambia, Fatuma, umefanya nini? Umemfanya mjane! Mwanamke kijana, mzuri, macho ya kulala, hana mume, kakaa kizingitini angoja. Amngoja nani sasa? Nani mwingine amjuaye duniani na ahera ila wewe? Nimekukabidhi kwake kwa mkono wangu mwenyewe!

Niliuacha mchele kwenye ungo, nikavaa buibui, nikachukua tuktuk mpaka Buxton. Ngazi zile za nyumba zao ziliniua magoti. Mwende alifungua mlango akanishika, akadhani kuna msiba mwingine. Nikamwambia, "Mrudishe mumewe."

"Nani, Mama?"

"Mume wa Mwana Nuru. Hakufa. Andika."

Akaniketisha, akanipa maji, akaandika. Nikamwambia arudi jua likichwa, mguu mmoja aukokota, nywele zimeungua, anuka moshi. Asiseme maneno matamu, wanaume wakitoka kwenye mauti hawasemi matamu. Aulize kuna nini cha kula. Na Mwana Nuru amgombeze, amwambie alikuwa wapi siku zote hizo, ampigie kelele mpaka wale waliojificha minazini wasikie na wajue mjini kuna watu.

Mwende akainua kalamu. "Lakini Mama, Mwana Nuru hagombi."

Nikamwambia, "Leo atagomba."

Ameniahidi ataiacha sura ile kama nilivyoisema, na kabla haijaenda kwa wachapishaji atakuja kunisomea, kwa sauti, baada ya alasiri. Pasipoingia akilini nitamwambia. Atanuna, atabadilisha. Bado simpendi sana, lakini naona tutazoeana.

Basi nisikuchoshe. Mungu akusamehe uliyoyajua na usiyoyajua, akupanulie kaburi lako, akupe hewa. Nakuaga, mume wangu, na ahadi yangu ni hii: sitaolewa, hata yule mwenye duka la viatu akinisalimia kwa madaha, na siku yangu ikifika nitakuja moja kwa moja uliko, sipiti kwa mtu. Nawe usinitafutie udhuru. Yule Mwana Nuru sasa ana mumewe, nimempa kwa hisani yangu, na ana kazi ya kumpikia. Nikija nikukute peke yako.

Mkeo,
Fatuma